Je, Wajua? Rwanda iliitangulia SADC Msumbiji

Je, wajua kwamba nchi iliyoitangulia SADC kupeleka askari Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kupambana na magaidi, haipakani na Msumbiji hata kidogo? Ni Rwanda, ambayo wala si mwanachama wa jumuiya hiyo ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika. Julai 2021 ilituma wanajeshi na polisi wapatao 1,000; kikosi cha SADC kikafuata siku chache baadaye. Tarehe 8 Agosti bandari ya Mocímboa da Praia, iliyokuwa mikononi mwa magaidi kwa takribani mwaka mzima, ilikombolewa.

Tanzania moto ulikuwa umeshafika mlangoni: Oktoba 2020 wapiganaji hao walivuka Mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Ndani ya kikosi cha SADC, askari wa Tanzania walipangiwa wilaya ya Nangade, ng'ambo tu ya mto.

Pwani ya Cabo Delgado watu husema Kimwani, ndugu wa Kiswahili, na wengi Kiswahili chenyewe wanakielewa. Kwa hiyo Mnyarwanda anayekijua aliweza kumuuliza mvuvi habari za njia bila mkalimani, jambo ambalo, kusema kweli, askari wengi waliotoka Maputo hawakuliweza.

SADC iliondoka Julai 2024, fedha zikiwa tatizo mojawapo. Rwanda ikaongeza askari.