Mabaki ya Ziwa na Mawese katika Chumba cha Mshonaji

Kigwena ipo kando ya barabara kuu inayotoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, mahali ambapo riziki ya watu hutegemea zaidi mambo mawili: Ziwa Tanganyika, lenye samaki kama dagaa na mikeke, na mashamba ya michikichi yaliyoifanya Rumonge kuwa kitovu cha mafuta ya mawese nchini Burundi. Kazi zote mbili huacha nyuma vitu visivyooza upesi, kama vile madumu ya plastiki, mapipa ya chuma, nyavu zilizochanika na mbao za mashua zilizostaafu, na kwa mshonaji au msusi wa vikapu anayetafuta pa kuweka nyuzi, vifungo, mikasi na vipande vya vitenge, vitu hivyo viko karibu kuliko duka lolote la samani.

Kukitumia kitu chakavu kwa namna hii si sawa na kukirejeleza kiwandani. Urejelezaji hukivunja au kukiyeyusha kitu ili kipatikane kitu kingine, na mara nyingi kinachopatikana huwa hafifu kuliko cha kwanza. Hapa umbo la asili hubakizwa, kisha huongezewa ufundi hadi thamani yake ikapita ile ya awali. Kwa kuwa umbo hubaki, historia nayo hubaki, na ndiyo sababu swali la kwanza la fundi mwangalifu halihusu rangi wala urembo bali linahusu kile ambacho chombo kilibeba kabla ya kutupwa.

Dumu la njano la lita 20 ndilo mfano ulio wazi zaidi. Madumu mengi ya aina hii hutengenezwa kwa polithini nzito, plastiki ambayo chini ya kitako chake huwekwa alama ya pembetatu yenye namba 2, na ambayo ina tabia mbili zinazomsumbua mrembaji asiyezijua. Tabia ya kwanza ni kwamba hunyonya mafuta. Dumu lililobeba mawese likisuguliwa kwa maji ya moto na majivu husafika sana, kwa sababu magadi yaliyomo katika majivu huungana na mafuta na kufanya sabuni, na doa la rangi ya chungwa, ambalo hutokana na karotini, yaani rangi ileile inayopatikana katika karoti, hufifia dumu likianikwa juani. Lakini mafuta yaliyokwisha kuingia ndani ya plastiki hayatoki yote, na kwenye joto hurudi juu kidogo kidogo. Dumu hilo basi litumike kuwekea mikasi, koleo, makopo ya rangi na sindano za kusukia, lisiwekewe kitambaa cheupe wala karatasi za vielelezo vya mishono. Dumu lililobeba dawa ya kuulia wadudu halifai kwa lolote, hata likioshwa mara nyingi, wala halipaswi kuingizwa nyumbani.

Tabia ya pili ni kwamba plastiki hii haishiki rangi wala gundi, hivyo dumu lililopakwa rangi ya mafuta hupendeza kwa majuma machache kisha likaanza kubabuka. Njia inayodumu ni ya kushona: dumu hukatwa upande mmoja, kingo zake hulainishwa kwa msasa, hutobolewa matundu kwa msumari uliopashwa moto, nje ya nyumba ili moshi usivutwe, na kupitia matundu hayo husukwa kamba ya wavu mkuukuu, ukindu au vipande virefu vya kitenge. Mkono uliozoea kusuka vikapu vya Kirundi hauhitaji kufundishwa kazi hii upya, na kusema kweli matokeo yake huwa mazuri kuliko ya brashi, kwa kuwa urembo wenyewe ndio unaouimarisha ukingo.

Mbao za mashua za ziwani zina faida ambayo zile za pwani ya bahari hazina. Majahazi ya Lamu na Zanzibar hutobolewa na mdudu wa baharini anayekula mbao, ambaye huacha vijishimo vingi. Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, mdudu huyo hayumo, na ubao wa mashua zake huharibiwa zaidi na kuvu, hasa mahali palipokuwa pakilowa na kukauka kwa zamu. Kwa hiyo fundi huanza kwa kuuchoma ubao kwa ncha ya kisu: ikizama kwa urahisi, sehemu hiyo hukatwa na kutupwa. Misumari hung'olewa, kalafati, yaani pamba iliyoziba viungo, huondolewa, na ubao huanikwa kivulini kwa miezi kadhaa ukiwa umetenganishwa na mwingine kwa vijiti, kwani kuvu hulala tu maji ya ndani ya ubao yanaposhuka chini ya takriban asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Rangi zilizochakaa za ubavu wa mashua huvutia macho, lakini rangi za zamani huweza kuwa na risasi, kwa hiyo si busara kuzipiga msasa zikiwa kavu na vumbi lake kuvutwa.

Rafu inayotengenezwa kwa mbao hizo ina maana ya pekee Kigwena, kwa kuwa hapo hapo upo msitu wa hifadhi, mabaki ya misitu ya tambarare iliyowahi kuenea zaidi katika ukanda huu, na kila ubao unaotumika mara ya pili ni ubao mmoja usiotafutwa humo. Mabati na mbao za nyumba zilizobomolewa na maji ya ziwa ni jambo jingine: vina wenyewe, na havipaswi kuchukuliwa bila idhini.

Wavu wa dagaa, ukiwambwa kwenye fremu ya pongoo za mchikichi, yaani miti ya katikati ya makuti, huwa mifuko ya ukutani inayopitisha hewa, jambo la lazima mahali ambapo unyevu wa ziwa huotesha ukungu kwenye vitambaa. Nailoni hudhoofishwa na jua, hivyo wavu utundikwe mbali na dirisha. Kwamba plastiki chakavu inaweza kuwa pambo kulidhihirishwa Lamu mwaka 2018, iliposhushwa majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa ndala zipatazo 30,000.

Chupa na kreti za bia ya Brarudi, kampuni ya bia ya Burundi, zisihesabiwe kuwa takataka, kwani hurudishwa kiwandani na zina thamani ya rehani. Badala yake, vifungo na shanga huwekwa katika mitungi ya kioo iliyokuwa na vyakula. Mapipa ya chuma hudai tahadhari kubwa zaidi. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, huyageuza kuwa masanduku ya wanafunzi yaliyopakwa rangi kali, na sanduku la namna hiyo hufaa sana kutunzia majora ya kitenge, lakini pipa lililobeba petroli au kemikali, hata likionekana tupu, hubaki na mvuke unaoweza kulipuka likikatwa kwa moto, kwa hiyo kwa anayeanza, pipa la kuchagua ni lile lililochemshiwa matunda ya michikichi, na la kukatwa kwa patasi na nyundo.