Je, Wajua? Tairi Lina Tarehe ya Kuzaliwa

Matairi mengi yana herufi DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada yake hutaja wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi la mtumba linaweza kung'aa, kumbe limeshazeeka.

Joto la njiani nalo hulijaribu tairi. Kutoka Uvira kwenda Bukavu, Barabara ya Taifa namba 5 hukatiza joto la bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, kisha hukwea miinuko ya Ngomo. Ziwa Tanganyika, kando ya Uvira, liko mita 773 hivi juu ya bahari. Bukavu, karibu 1,500, na huko kuna baridi zaidi.

Kwa hiyo pima upepo alfajiri, gari likiwa halijatembea. Kila nyuzi 10 za joto huongeza takriban bar 0.1 kwenye tairi la gari dogo. Ukipunguza upepo Kamanyola saa saba mchana, utafika Bukavu kwenye baridi na tairi legelege.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu. Yakikaa sana, huchemka upesi mteremkoni na pedali huzama. Yabadilishe mapema, ushuke kwa gia ndogo, na usisahau kupima tairi la akiba.