Kazi ya uchunguzi: milango ya kuingilia na bei yake



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, vijana hupita kwa wachungaji wao kuomba shauri. Wengi wanataka udaktari, wengine wanataka kazi katika mashirika. Lakini kuna swali linalorudi siku hizi: mtu afanye nini ili awe mpelelezi? Wameona filamu. Wameona pia jirani akiuawa usiku, na asubuhi hakuna aliyekuja kuuliza chochote. Swali lao linastahili jibu lenye maelezo, nami nitaeleza ninavyozijua njia hizo hapa kwetu Congo.

Mlango unaojulikana zaidi ni polisi. Anayechunguza makosa kwa jina la serikali anaitwa OPJ, yaani ofisa wa polisi wa mahakama, na polisi wengi mnaowaona barabarani sio OPJ. Kusikiliza mashahidi, kuandika maneno yao katika PV, kuchukua vitu vya ushahidi, kumshikilia mshukiwa: hayo ni ya yule aliyepewa mamlaka na kula kiapo. Anafanya kazi chini ya parke. Na mamlaka yake yana mpaka. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema mtu asishikiliwe kwa polisi zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya sheria. Kijana anayetaka kazi hii aanze kwa kushika namba hiyo, kwa sababu wengi walioko kazini wameisahau. Wanaoingia kwa njia ya polisi wanapita katika shule kama Kapalata kule Kisangani au Kasapa kule Lubumbashi, na mwenye masomo ya juu anaweza kulenga ngazi ya maofisa.

Watu wengi hawajui kwamba kuna OPJ wasiovaa sare ya polisi. Mfanyakazi wa douane, mkaguzi wa kazi, mlinzi wa mbuga ya wanyama: sheria inaweza kuwapa mamlaka ya OPJ katika eneo la kazi yao tu. Aliyesoma kilimo, mazingira au uchumi anaweza basi kuwa mchunguzi bila kupita kambi ya polisi. Tena ndani ya polisi kuna kitengo cha kulinda watoto na kuzuia unyanyasaji wa kijinsia, na huko wanawake wanahitajiwa sana. Mama aliyebakwa hawezi kueleza yote mbele ya wanaume wanne katika ofisi yenye mlango wazi. Mabinti zetu wenye diploma wasiifikirie kazi hii kuwa ya wanaume.

Juu ya OPJ yuko mwendesha mashtaka wa parke, na kwa wanajeshi kuna auditora. Hapo inahitajika lisansi ya sheria, kisha kushinda konkuru ya mahakimu. Njia ni ndefu, lakini huyo ndiye anayeamua kama faili inakwenda mbele au inalala.

Ubora wa uchunguzi unabadili nini? Tuchukue Minova na Kavumu. Mwezi wa 11 mwaka wa 2012, wanajeshi waliokuwa wakikimbia kutoka Goma walibaka wanawake wengi huko Minova. Wanajeshi 39 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na hukumu ilitoka mwezi wa 5 mwaka wa 2014. Wachache sana walipatikana na hatia ya ubakaji, maana ushahidi wa kuonyesha nani alimtendea nani haukutosha. Kavumu, watoto zaidi ya 40, wengine bado wachanga, walichukuliwa usiku na kunajisiwa kuanzia 2013. Kwa miaka kadhaa kila tendo lilikuwa faili yake, peke yake, na hakuna faili iliyosonga. Yalipounganishwa mikononi mwa auditora mwaka wa 2016, mfano ulionekana: namna ile ile, kundi lile lile. Waganga wa Panzi walikuwa wametunza maandishi na vyeti vya watoto. Mashirika yalisaidia kupanga ushahidi. Mwezi wa 12 mwaka wa 2017, mbunge wa jimbo na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kundi lao liliitwa Jeshi la Yesu. Jina hilo linatuuma sisi watu wa kanisa, na lituume.

Oneni hapo: mganga alikuwa mchunguzi, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Muuguzi anayeandika tarehe, saa na alama za mwili bila kuongeza wala kupunguza, amefanya nusu ya kazi ya parke.

Kuna pia wanaochunguza franga. Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, uliundwa mwaka wa 1987, na ripoti zake za miaka hii zimewafikisha wakubwa mahakamani. Ipo Mahakama ya Hesabu, ipo CENAREF inayofuatilia pesa chafu. Waliosoma uchumi na uhasibu wanapata nafasi huko, wakikubali kuhama kwenda Kinshasa. Ni kazi ya makaratasi na subira. Ripoti ya Bukanga Lonzo ilitoka 2020, hukumu ikaja 2025.

Idara ya usalama, ANR, nayo inaajiri, lakini kazi yake ni habari za usalama wa nchi, na sitazungumza mengi juu yake.

Upande wa binafsi, kijana asitegemee yale ya filamu. Mtu wa binafsi hana haki ya kupekua nyumba ya mwenzake. Akijaribu, yeye ndiye atakayekamatwa. Anaweza kuuliza, kusoma, kulinganisha, kuandika. Na kazi ya namna hiyo ipo. Sheria ya bima ya 2015 ilimaliza enzi ya SONAS kuwa peke yake, na kampuni za bima zinahitaji watu wa kuhakikisha kama ajali ilitokea kweli na kwa namna gani. Mabenki yana wakaguzi wa ndani, tena yanabanwa zaidi tangu Congo iwekwe mwaka wa 2022 katika orodha ya nchi zinazochungwa kwa habari ya pesa chafu. Waandishi wa habari na watetezi wa haki za watu wanachunguza kila siku. Wanasheria nao wanahitaji vijana wa kutafuta mashahidi na hati za lopango.

Njia moja ilipita kanisani kwetu kabisa. Michael Sharp, Mmenoni kutoka Marekani, alifanya kazi Bukavu katika mpango wa amani wa Église du Christ au Congo, akienda porini kuongea na wapiganaji wa FDLR ili waweke silaha chini na kurudi kwao. Kwa kuwa alijua kusikiliza, Umoja wa Mataifa ulimchukua mwaka wa 2015 katika kundi la wataalamu wanaochunguza vita vyetu. Tarehe 12 mwezi wa 3 mwaka wa 2017 aliuawa kule Kasaï pamoja na mwenzake Zaida Catalán. Mkalimani wao Mkongo na waliowabeba kwa pikipiki wanatajwa mara chache sana. Wachunguzi wa kigeni hawatembei bila vijana wetu, na anayepewa kazi ya ukalimani aulize kwanza juu ya usalama na bima yake, kabla ya kuuliza malipo.

Bei hii haiko porini tu. Floribert Bwana Chui alisoma sheria Goma, akaajiriwa na OCC kukagua bidhaa mpakani. Alikataa kupitisha chakula kilichoharibika, akakataa na franga alizoletewa. Mwezi wa 7 mwaka wa 2007 aliuawa, akiwa na miaka 26. Ndugu zetu Wakatoliki walimtangaza mwenye heri mwezi wa 6 mwaka wa 2025. Sisi Waprotestanti hatuna desturi hiyo, lakini sijui mhubiri wetu anayeweza kuisikia habari yake na kubaki kimya.

Mzazi basi ana haki ya kuogopa. Mshahara wa serikali ni mdogo na unachelewa, ndiyo maana mlalamikaji huombwa franga za karatasi na za usafiri kabla PV haijaandikwa. Atakayeingia aamue mapema, tena na mke au mume wake, nyumba itakula nini mwezi ambao mshahara haukuja. Uamuzi huo haufanyiki vizuri siku ambayo bahasha iko juu ya meza. Vita vya 2025 navyo vimevuruga mahakama na parke za Goma na Bukavu, na wengi wanasema kuandika ushahidi sasa ni kazi bure. Kavumu ilingoja miaka minne. Maandishi yaliyotunzwa vizuri hungoja.

Makanisa nayo yana sehemu. Mahali uchunguzi haupo, kijiji hutafuta nabii wa kumtaja mwizi au mchawi, kisha mawe na petroli vinafuata. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu, na iliwaagiza waamuzi wachunguze sana kabla ya kuhukumu. Mchungaji anayeruhusu mtu atajwe kwa ndoto katika ibada amevunja agizo hilo, hata kama kanisa limejaa.

Kwa kijana aliyebaki na hamu baada ya kusoma haya: jifunze kuandika Kifaransa safi, maana PV inaandikwa kwa lugha hiyo, na ushike vizuri Kiswahili na lugha ya nyumbani, maana mashahidi wanasema kwa hizo. Zoea kuandika ulichoona tofauti na ulichoambiwa. Na kabla baba hajalipa franga za chuo, nenda mahakamani, au kwenye kikao cha mahakama inayotembea ikifika kwenu, usikilize kesi moja kutoka mwanzo hadi hukumu. Vikao kwa kawaida ni vya wazi, na kuingia hakulipwi.