Leza ya Mezani, Hesabu ya Mpakani

Simama kando ya barabara ya TANZAM pale Tunduma mchana wowote, utayaona malori yakitambaa kuingia Tanzania na mabamba ya shaba kutoka Zambia na Kongo, safari ya bandari ya Dar es Salaam. Kijana aliyenunua leza ndogo ya mezani huyatazama akapata wazo: shaba inang'aa, jina likinakshiwa juu yake litapendeza. Siku akipata kipande, akakiweka chini ya mashine na kuiwasha, ataambulia patupu. Sehemu kubwa ya mwanga itagonga shaba na kurudi, na joto dogo litakaloingia litasambaa bamba zima kabla halijaunguza chochote.

Naanza na shaba kwa sababu inafundisha somo la kwanza la biashara hii. Wengi walioanza kuchonga kwa leza kwa kujifurahisha, wakashindwa kuigeuza kuwa kipato, hulaumu soko au mtaji. Ukikaa nao ukawahoji taratibu, unakuta wamekwama kwenye mambo mawili: hawajui mashine yao inaweza nini, na hawajui saa yao moja inagharimu shilingi ngapi.

Mashine tatu, kazi tatu

Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960. Leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi ilifuata mwaka 1964, kazi ya Kumar Patel wa maabara za Bell. Leo fundi wa mtaani hukutana na aina tatu, na tofauti yake kubwa ni urefu wa wimbi la mwanga, maana kila kitu kina mwanga kinaoumeza na mwanga kinaourudisha.

Ya kwanza ni leza ya diodi, yenye mwanga wa buluu wa nanomita kama 450. Ndiyo nafuu na ndiyo inayoanzwa na wengi. Inachoma mbao, ngozi, kadibodi na kitambaa, na inabandua rangi iliyopakwa juu ya chupa ya chuma hadi chuma kionekane. Lakini kwenye akriliki isiyo na rangi inapita kama jua linavyopita dirishani, bila kuacha alama.

Ya pili ni ya kaboni dayoksaidi. Mwanga wake, nanomita 10,600, hauonekani kwa macho. Akriliki inaumeza vizuri, kwa hiyo inakatika na ukingo wake unatoka laini. Vilevile inatia ukungu kwenye kioo na kuchonga raba ya mihuri. Chuma kitupu haikiwezi. Mrija wake ni wa kioo, unapozwa kwa maji, na huchakaa kwa kadiri ya saa unazoutumia.

Ya tatu ni leza ya faiba, nanomita 1,064. Hii ndiyo ya vyuma: pete, visu, vipuri, vibao vya alumini. Yenye nguvu ya kutosha huweza hata shaba. Ila bei yake iko juu, na kwa mbao haifai.

Hapo kuna mtego wa kuangalia kabla ya kulipa. Matangazo mengi ya leza za diodi huandika wati za umeme unaoingia kwenye mashine, wakati kinachochoma ni wati za mwanga unaotoka. Mashine iliyoandikwa wati 40 inaweza kutoa mwanga wa wati tano tu. Muulize muuzaji swali moja: mwanga unaotoka ni wati ngapi? Akijikanyaga, tafuta mwingine.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tofauti ya starehe na biashara iko hapo hapo. Anayejifurahisha hahesabu saa. Akimaliza ngao ya mbao usiku wa manane, akasifiwa, amelipwa. Mfanyabiashara akifanya hivyo mwezi mzima, atakuwa ameifadhili harusi ya mtu mwingine.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mashine, usafiri wake, ushuru, feni ya moshi na miwani vimekugharimu shilingi 2,400,000, nawe unapanga kurudisha fedha hizo ndani ya saa 2,000 za kazi. Basi kila saa mashine inapowaka, imekula shilingi 1,200. Tuseme pia saa yako mwenyewe umeipa thamani ya shilingi 3,000.

Mteja anataka ngao moja ya kumuaga mwalimu anayestaafu. Kupanga maandishi na picha kwenye kompyuta kunachukua dakika 30, mashine inachonga dakika 40, msasa na vanishi dakika 20. Hiyo ni saa moja na nusu: shilingi 4,500. Mashine, 800. Mbao, 4,000. Vanishi, msasa na mfuko, 1,000. Fungu la pango na umeme, 1,000. Fungu la kazi zinazoharibika, maana zitaharibika tu, 1,000. Jumla 12,300. Ukiuza ngao hiyo shilingi 10,000 kwa sababu jirani naye anauza hivyo, umempa mteja zawadi ya 2,300. Ukiiuza 18,000, faida ni 5,700, sawa na 3,800 kwa saa.

Sasa mwenye gesti anataka vibao 50 vya funguo. Kupanga dakika 30, mara moja tu. Mashine dakika tatu kwa kila kibao, yaani 150. Kusafisha na kutia pete, dakika moja moja, yaani 50. Jumla dakika 230: shilingi 11,500. Mashine 3,000. Mbao na pete, 300 kwa kila kimoja, 15,000. Pango na umeme 2,000, uharibifu 1,500. Jumla 33,000, au 660 kwa kibao. Uza kwa 1,300 na utapata 65,000. Faida ni 32,000 kwa kazi isiyofika saa nne: zaidi ya 8,000 kwa saa.

Ngao ndiyo inayopigwa picha na kutumwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Vibao vya funguo havipigwi picha na mtu, lakini ndivyo vinavyolipa pango. Angalia pia kwamba umeme si mzigo kama wengi wanavyodhani. Leza ndogo ya diodi hula umeme kama balbu chache za zamani. Kinacholiwa hasa ni muda wako, na muda wa kupanga kazi mpya ndio ghali kuliko wote. Kwa hiyo mteja bora ni yule ambaye faili lake tayari unalo, na anarudi.

Nani anarudi Tunduma?

Mji wa mpakani una wateja wa aina yake. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde ya Zambia kizinduliwe mwaka 2019, mizigo inakaguliwa sehemu moja, na shughuli zote zimeizunguka kazi hiyo: mawakala wa forodha, makampuni ya usafirishaji, wabadilisha fedha, loji na mama lishe. Wakala wa forodha anahitaji muhuri wa kampuni, kibao cha mlango, vitambulisho vya kifuani vya wafanyakazi. Muhuri huchakaa, anwani hubadilika, mfanyakazi mpya huajiriwa, naye anarudi. Loji hupoteza funguo kila wiki, maana dereva anaamka alfajiri na kuondoka na ufunguo mfukoni hadi Lusaka.

Ukitoka kuelekea Vwawa na Mlowo, unaingia kwenye kahawa ya Mbozi. Wakaangaji wadogo wanaofungasha kahawa yao wanahitaji visanduku vya zawadi, vijiko vya mbao na vibao vya duka vyenye jina lao. Shule na kwaya hununua tuzo, ila hao ni wa msimu. Usiwaachie wabebe pango la mwaka mzima.

Halafu kuna kimondo. Kile kipande cha chuma na nikeli kilichoanguka kutoka angani na kulala Mbozi, chenye urefu wa karibu mita tatu, kinaufanya mkoa wa Songwe utambulike mbali, na tarehe 30 Juni ni siku ya kimataifa ya vimondo. Kimondo chenyewe hakuna anayeruhusiwa kukijaribu kwa leza. Lakini umbo lake si nembo ya kampuni ya mtu. Kulichora juu ya kibao cha kuwekea kikombe ni kumpa mgeni kitu ambacho hawezi kukipata Arusha wala Kariakoo.

Mteja wa Nakonde atakuja na kwacha. Weka bei zako kwa shilingi, tumia kiwango cha siku hiyo, na andika kwenye risiti kiasi kilichopokelewa kwa fedha gani. Wengi wamekula faida yao kwa kupokea kwacha asubuhi na kuibadilisha wiki iliyofuata.

Moshi, macho na moto

Kuna plastiki moja ambayo haipaswi kuingia kwenye leza hata mteja akilia: PVC. Iko kwenye reksini za viti, kadi nyingi za plastiki na stika za mabango. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa mapafu yako inakuwa asidi. Gesi hiyo hiyo itavitia kutu vyuma vya mashine na kuharibu lenzi.

Utaijuaje? Hapa ndipo shaba inapopata kazi. Chukua waya mtupu wa shaba, ushike kwa koleo, uupashe kwenye moto hadi uwe mwekundu, kisha uguse nao pembe ya plastiki ili kiasi kidogo kinate. Urudishe kwenye moto. Mwali ukiwa wa kijani, kuna klorini ndani yake. Irudishe plastiki kwa mwenyewe. Fanya jaribio hilo nje, penye upepo, na kiasi kidogo tu.

Macho nayo hayana kipuri. Miwani lazima ilingane na wimbi la mashine yako: ile ya mwanga wa buluu haina dhamana mbele ya leza ya faiba. Mwanga wa diodi unafika hadi nyuma ya jicho na kuunguza sehemu inayoonea, mara nyingine bila maumivu. Kwa hiyo leza haikai sebuleni watoto wanapocheza. Moshi utolewe nje kwa feni na bomba, kizima moto kiwe karibu, na mashine inapowaka usitoke kwenda kunywa chai. Mbao ikishika moto ndani ya mashine, inahitaji dakika chache tu kumaliza mtaji wako.

Sheria inayokugusa

Muhuri ni kazi nzuri na ni kazi ya hatari. Kughushi muhuri ni kosa la jinai, na fundi aliyeuchonga hatajitetea kwa kusema alitumwa. Kabla ya kuchonga muhuri wa kampuni, omba nakala ya cheti cha usajili wa BRELA na kitambulisho cha anayeagiza, uandike kwenye daftari tarehe na jina. Muhuri wa ofisi ya umma usiuguse bila barua rasmi uliyoithibitisha kwa kwenda ofisini mwenyewe. Mtu akikuambia, "Fundi, fanya haraka, lori liko getini," hapo ndipo pa kwenda polepole.

Nembo za klabu za Simba na Yanga zinauzika sana, na ndiyo sababu zinalindwa. Sheria ya alama za biashara ya mwaka 1986 na ile ya hakimiliki ya mwaka 1999 hazitofautishi kiwanda na meza ya nyumbani. Omba kibali, au tafuta mchoro wako.

Mbao nazo zina habari yake. Mninga na mkongo hutoa nakshi nzuri, na mabaki yake yamejaa kwa maseremala. Lakini mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022 uliiweka miti ya jamii hizo ya Afrika kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa. Nunua kwa risiti, na kabla ya kuvusha mbao zake kwenda Zambia, pita kwanza kwa wakala wa misitu, TFS.

Kuhusu kodi, daftari lako linakulipa. Katika jedwali la Mamlaka ya Mapato (TRA) la miaka ya karibuni, mwenye mauzo ya kati ya milioni nne na saba kwa mwaka hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni nne kama ana kumbukumbu, na shilingi 100,000 kama hana. Kwa mauzo ya milioni tano, mwenye daftari analipa 30,000. Daftari la shilingi elfu mbili limeokoa 70,000.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuanza ni huu. Kwa miezi mitatu, kila kazi iandike: muda wa kupanga, muda wa mashine, vifaa, kilichoharibika, bei, na kama mteja alirudi. Mwisho wa miezi hiyo gawa faida yote kwa saa zote. Ukikuta saa yako inalipa kuliko kibarua unachoweza kupata kwingine, nenda kakate leseni halmashauri, kisha wafuate SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa mafunzo. Ukikuta hailipi, na ngao bado zinakufurahisha, endelea kuzichonga jioni kwa ajili ya ndugu na majirani, na usikope hata shilingi kwa ajili yake.