Mwanamume Katika Chekechea: Wazazi wa Carama Wanaogopa Nini?

Katika mtaa wa Carama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jirani na Kinama, kila asubuhi ya masomo huonekana njiani watoto wa miaka mitatu hadi sita waliovaa sare, na mikoba iliyo mikubwa kuliko migongo inayoibeba. Wanakwenda chekechea. Kwa Kirundi shule hizo huitwa amashure y'incuke, maana yake shule za watoto walioachishwa ziwa, na jina hilo peke yake latukumbusha kwamba mtoto huyu ametoka kifuani mwa mama yake juzi tu. Si ajabu, basi, kwamba mzazi anapofika kwenye mlango wa darasa akapokewa na mwanamume, husita.

Kusita huko kuna gharama yake. Mwalimu mwanamume akipatikana, mkuu wa shule humwogopea wazazi kabla hata hawajasema neno. Humpeleka madarasa ya juu, au humpa kazi ya uhasibu na ulinzi wa lango. Aliyejifunza kulea watoto wadogo anaachwa ahesabu karo. Na watoto wanabaki katika darasa lenye mwalimu mmoja aliyechoka, kwa sababu wa pili hakukubaliwa.

Ukisikiliza kwa makini maneno ya wazazi wanaokataa, utagundua kuwa yamechanganya mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni dharau: "Mwanamume mzima anafuta watoto kamasi! Hakupata kazi nyingine?" La pili ni hofu: "Nani atampeleka binti yangu chooni?" Dharau haistahili kupewa nafasi. Hofu yastahili kujibiwa, tena kwa vitendo. Kosa letu ni kuyajibu yote mawili kwa neno moja, "hapana".

Tuanze na dharau, maana hiyo ni nyepesi. Mtu aliyeanzisha chekechea duniani hakuwa mwanamke. Alikuwa Mjerumani, Friedrich Fröbel, aliyefungua mahali pa kuwachezesha na kuwafundisha watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, na miaka mitatu baadaye akapaita bustani ya watoto. Lakini hatuna haja ya kwenda Ujerumani. Nendeni Buyenzi, au hapo hapo Kinama, mkaangalie chuo cha Kurani. Maalimu ameketi, amezungukwa na watoto ambao baadhi yao hawajafikisha miaka sita. Huyu analia, yule amelala na juzuu mapajani, mwingine anaomba ruhusa kwenda nje. Maalimu huyo ni mwanamume, na vizazi vya wazazi wa Kiislamu vimempelekea watoto bila kumwuliza kwa nini hakutafuta kazi nyingine. Wanamheshimu. Wanampa mkono kwa adabu wakikutana naye njiani.

Wasomaji wetu walio katika jeshi wanao mfano ulio karibu zaidi. Nesi mwanamume anayesafisha kidonda cha askari, akambadilishia mashuka na kumlisha kwa kijiko, hakuna anayemcheka. Kazi yake na ya mwalimu wa chekechea zinakaribiana kuliko tunavyopenda kukubali: zote zataka mikono safi, subira, na moyo usiochukizwa na uchafu wa mwili wa mtu mwingine. Kama kumhudumia mtu mzima hakumpunguzii mwanamume heshima, kumfunga mtoto kamba za viatu kutampunguziaje?

Swali la chooni

Sasa tuje kwenye hofu. Hapa hatutaki kumcheka mzazi hata kidogo. Watoto wanadhuriwa, hilo si uzushi wa akina mama wenye wasiwasi. Hapa Bujumbura kuna Kituo cha Seruka, kilichofunguliwa mwaka 2003 kwa ajili ya kuwahudumia waliobakwa, na miongoni mwa wanaopelekwa huko wamo watoto. Mama anayeuliza nani atamvua binti yake nguo ameuliza swali la haki, na shule inayokasirikia swali hilo ni shule ya kutiliwa shaka.

Ila swali hilo likiulizwa shuleni peke yake, limeulizwa nusu. Wanaoshughulika na mambo haya duniani kote wanakubaliana juu ya jambo moja chungu: anayemdhuru mtoto mara nyingi si mgeni. Ni mtu anayejulikana nyumbani, ndugu, jirani, rafiki wa familia, mtumishi. Na hebu tutazame nyumba zetu. Ni nani anayebaki na mtoto tangu alfajiri, baba akiwa kambini na mama akiwa sokoni au ofisini? Katika nyumba nyingi za Bujumbura ni boyi. Kijana wa miaka kumi na minane, pengine chini ya hapo, ametoka kilimani, ameletwa na mtu anayemfahamu mtu. Anapika, anafua, anateka maji, na katikati ya kazi hizo anamwogesha mtoto. Hakuna aliyemhoji na hakuna anayemsimamia. Mlango wa nyuma umefungwa, na wenye nyumba watarudi saa kumi na moja jioni.

Hatusemi haya ili vijana hao washukiwe. Wengi wao ni waaminifu, na watoto wengi wa mji huu wamekulia migongoni mwao. Tunasema ili mzazi ajipime mwenyewe. Anayemwachia boyi mtoto wake saa kumi kwa siku, kisha akamkataa mwalimu aliyesomea kazi yake, anayefanya kazi mbele ya macho ya wenzake, hajapunguza hatari hata chembe. Ameihamisha tu kutoka mahali anapopaona hadi mahali asipopaona.

Kinachomlinda mtoto ni taratibu, nazo zapaswa kumbana kila mtu mzima aliye shuleni, mwanamume kwa mwanamke. Mtoto asibaki faragha na mtu mzima mmoja, yeyote awaye. Anayehitaji kubadilishwa nguo abadilishwe mahali ambapo mtu mzima wa pili anaweza kuona. Mlango wa choo cha watoto uwe mfupi, ili mwalimu aliye nje aone kichwa cha mtu mzima aliye ndani. Mtoto afundishwe mapema kujisafisha mwenyewe, jambo ambalo mwenye miaka minne analiweza akielekezwa kwa upole. Afundishwe pia majina ya viungo vyake bila kufichwafichwa, na aambiwe kwamba hakuna siri kati yake na mtu mzima ambayo mama hapaswi kuijua. Shule ikiwa na taratibu hizi, mwanamume hana pa kufanyia ubaya. Na shule isiyokuwa nazo haiwi salama kwa kujaza wanawake watupu. Tunasahau upesi mno kwamba fimbo, makofi na matusi kwa watoto wadogo hutoka pia mikononi na vinywani mwa wanawake.

Baba aliye mbali

Kwa familia za askari na polisi suala hili lina upande mwingine, ambao kwa maoni yetu ndio mzito kuliko yote. Tangu Desemba 2007 hadi mwisho wa 2024 wanajeshi wa Burundi walikuwa Somalia katika kulinda amani, kikosi kikiondoka na kingine kikiingia. Tangu mwisho wa 2013 wengine wamekuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Zidisha hapo waliopangiwa mikoa ya mbali na wenye zamu za usiku. Mtoto wa miaka mitatu ambaye baba yake ameondoka kwa mwaka mzima amekosa theluthi ya maisha yake yote pamoja naye. Anamjua kwa sauti ya simu. Siku baba anaporudi na begi lake, mtoto hukimbilia nyuma ya kanga ya mama na kulia, na baba, aliyekuwa akiisubiri siku hiyo kwa hamu, hujikuta amesimama mlangoni kama mgeni.

Mwalimu hawezi kuwa baba wa mtoto huyo, wala asijaribu. Lakini mtoto aliyezoea kila siku kumwona mwanamume akiinama hadi kimo chake, akimsimulia hadithi, akimkataza bila kumpiga, amejifunza kwamba sauti nene si lazima iwe ya kugomba. Na kwa mvulana ambaye nyumbani kuna mama, bibi na shangazi, wanaume wengine atakaowaona ni wale wa barabarani. Je, hao ndio tunaotaka awaige?

Wako wanaosema kwamba kulea si tabia ya mwanamume wa Kiafrika. Wangewauliza Waaka, watu wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville. Barry Hewlett, mtaalamu Mmarekani aliyekaa nao na kuchapisha kitabu juu ya akina baba wao mwaka 1991, aliona kwamba baba wa Kiaka huwa karibu na kichanga chake, umbali wa kunyoosha mkono, karibu nusu ya muda wote. Na hapa Burundi penyewe wapo Abatangamuco, yaani waleta nuru, wanaume wa vijijini wanaosimama mbele ya majirani na kueleza jinsi walivyoacha kuwapiga wake zao na kuanza kushirikiana nao kazi za nyumbani. Kirundi nacho kinasema umwana si uw'umwe, mtoto si wa mtu mmoja, na hakikuongeza kwamba wengine hao lazima wawe wanawake.

Pamoja na hayo, tusidhani kwamba wazazi wakikubali leo, kesho madarasa ya Carama yatajaa wanaume. Duniani kote, zaidi ya walimu tisa katika kila kumi wa chekechea ni wanawake. Norwei ilijiwekea lengo la kufikia wanaume 20 kwa mia tangu miaka ya 1990; pamoja na utajiri wake na kampeni zake, wako takriban mmoja katika kila kumi. Sababu kubwa ni mshahara. Kule Tanzania, ambako darasa la awali limewekwa ndani ya shule ya msingi ya serikali, si jambo geni kumkuta mwanamume akilifundisha, kwa kuwa ni mwalimu kama walimu wenzake. Kenya nako, tangu Katiba ya 2010 ilipozikabidhi kaunti elimu ya awali, manung'uniko ya walimu hao juu ya ujira hayajakoma. Palipo na malipo ya kubahatisha, mwanamume mwenye familia hakai, na mwanamke hukaa kwa kukosa njia nyingine. Hilo nalo si la kujivunia.

Kwa mzazi ambaye mwezi Septemba atapeleka mtoto na kumkuta mwanamume darasani, ushauri wetu ni huu: asikimbie, wala asikubali kwa aibu. Na aulize. Bwana huyu alifanya kazi wapi kabla ya hapa, na je, mkuu wa shule aliwauliza waliokuwa wakubwa wake? Darasani kuna watu wazima wangapi? Choo kiko wapi, na kionekane. Kisha arudi siku nyingine bila kuaga, saa nne asubuhi, asimame dirishani dakika chache, atazame jinsi watoto wanavyomkaribia mwalimu huyo. Mtoto mdogo hajui kuigiza. Baba aliye likizoni naye afanye vivyo hivyo. Asimwachie mama kazi ya kuuliza, kisha akaja kutoa hukumu mezani.

Karibu na adhuhuri watoto hutoka. Mama hajarudi sokoni, baba yuko kambini, na mtu anayesimama langoni kumpokea mtoto, akamtwalia mkoba na kumshika mkono kuvuka barabara, mara nyingi ni boyi. Hapo mtaani hakuna anayegeuka kumtazama mara mbili.