Wawili wanaobaki na darubini katika usiku wa miezi sita

Katikati ya Februari kila mwaka, ndege ya mwisho ya msimu huruka kutoka Ncha ya Kusini ya dunia. Wanaobaki, ambao miaka hii kwa kawaida hawafiki 50, huitazama hadi inapopotea machoni. Tangu hapo hakuna mgeni wala msafiri mpaka mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kwa sababu baridi inaweza kugandisha hata mafuta ya ndege. Ni mara chache sana, kama Juni 2016, ndege ndogo zimethubutu kwenda gizani kuwachukua wagonjwa. Msiba ukitokea nyumbani, mtu atalia huko huko aliko.

Miongoni mwa wanaobaki wamo wawili wenye jukumu moja kubwa: kuilea South Pole Telescope, darubini yenye dishi la kipenyo cha meta 10 iliyoanza kuitazama anga mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Chicago ndicho kinachoongoza mradi huo, na watafiti wake wametawanyika katika vyuo na maabara nyingi. Lakini majira ya baridi yakiingia, darubini hubaki mikononi mwa hao wawili.

Kwa nini ijengwe mahali pagumu namna hiyo? Aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam anaijua hewa inayolowesha shati kabla ya saa nne asubuhi. Mvuke huo ndio adui. Mawimbi yanayotafutwa na darubini hii humezwa na unyevu kabla hayajafika chini. Kwenye Ncha ya Kusini, juu ya barafu iliyo karibu meta 2,800 kutoka usawa wa bahari, baridi imeikamua hewa hadi ikakauka. Jua nalo huzama Machi na halichomozi tena hadi Septemba, hivyo hewa hutulia kwa miezi mingi mfululizo.

Mawimbi yenyewe ni mabaki ya joto la mwanzo. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na ulipokuwa na miaka kama 380,000 tu, mwanga wake ulipata nafasi ya kusafiri kwa mara ya kwanza. Mwanga huo bado umetuzunguka pande zote, ila umepoa mno, kama jiko la mkaa lililopikiwa jana: moto huuoni, lakini ukipeleka kiganja juu ya jivu unahisi kitu. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson waliukuta huko New Jersey, Marekani, bila kuutafuta. Walisikia mvumo usiokoma kwenye antena yao, wakashuku njiwa waliokuwa wamejenga kiota ndani yake, wakawaondoa na kusafisha kinyesi chao. Mvumo ukabaki. Mwaka 1978 walipewa Tuzo ya Nobel.

Kulipima joto hilo hafifu kunahitaji kifaa kilicho baridi kulishinda. Kamera ya darubini ina vitambuzi vipatavyo 16,000, na vyote hupozwa hadi karibu theluthi moja ya nyuzi juu ya sifuri halisi, yaani takriban nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida. Jokofu linalofanya kazi hiyo hutumia gesi ya heli. Heli ikishageuzwa kimiminika, huachwa ivukize polepole, na inapovukiza huondoka na joto. Ikiisha kuvukiza, karibu mara moja kwa siku, hukusanywa na kugeuzwa kimiminika upya, na kwa saa kadhaa darubini haitazami kitu. Mlezi wa darubini hulifuata zoezi hilo kwenye skrini, nyuzi kwa nyuzi. Likienda kombo, kazi ya siku nzima inaweza kupotea.

Kutoka kituoni hadi kwenye darubini ni mwendo wa kama kilometa moja, na hutembewa kwa miguu. Wastani wa baridi ya majira hayo ni karibu nyuzi 60 chini ya sifuri, na Juni 1982 kipimo kilishuka hadi 82.8 chini ya sifuri. Bendera ndogo zimechomekwa kwenye theluji kuonyesha njia. Anayezipoteza upepo ukivuma hana mti, jiwe wala kilima cha kumwelekeza, na kila upande atakaogeukia ni kaskazini. Madirisha ya kituo huzibwa na taa nyeupe hazitumiki nje, maana vyombo vingine vya utafiti vinataka giza tupu. Mtu huenda na taa nyekundu au mwanga wa mwezi, huku pumzi ikigandia kwenye skafu.

Akifika, huenda akashika ufagio kuondoa theluji kwenye dishi, au akapaka grisi mitambo inayolizungusha. Kamera ikihitaji kuguswa, darubini huinamishwa hadi chumba cha kamera kikae juu ya paa la jengo la maabara, na mlango ukafunguka kwa ndani. Hapo fundi huingia na spana yake bila kutoka nje. King'ora nacho hakichagui saa. Kikilia usiku wa manane, ingawa huko kila saa ni usiku, mmoja wao huamka.

Wenzao wa Chicago na kwingineko hufuatilia wakiwa mbali. Hata hivyo satelaiti zinazokiunganisha kituo na dunia huonekana kwa saa chache tu kwa siku, na sehemu kubwa ya takwimu husubiri kwenye diski. Aprili 2017 darubini hii iliungana na nyingine duniani kulitazama shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu. Diski zake zilikaa barafuni hadi ndege ziliporejea mwishoni mwa mwaka. Picha ya shimo hilo ilitangazwa tarehe 12 Mei 2022.

Matunda mengine ya darubini hii yanatugusa sisi kwa karibu zaidi. Katikati ya makundi makubwa ya magalaksi kuna gesi ya moto mno, na mwanga wa mwanzo unapopita humo huacha alama kama kivuli. Kwa kivuli hicho darubini ya Ncha ya Kusini iligundua makundi ambayo hayakuwa yamejulikana, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 na kuwa ya kwanza ya aina yake. Na gesi hiyo tulianza kuijuaje? Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei ya angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake, satelaiti iliitwa Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kuwa makundi ya magalaksi yamejaa gesi inayong'aa kwa eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel mwaka 2002.

Neno letu, basi, limo katika historia ya elimu ya ulimwengu. Lililobaki ni mikono yetu. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa ya redio, SKA, ambako tayari madishi 64 ya MeerKAT yanafanya kazi katika nyika ya Karoo, yakiendeshwa kutoka Cape Town. Madishi hayo nayo yanahitaji umeme usioyumba, nyaya zisizoliwa na kutu, na mtu wa kuyafikia yanapokwama.

Hilo ndilo ninalotaka tulishike. Tumezoea kumtenga mwanasayansi na fundi, mmoja tukamvisha joho na mwingine ovaroli, kana kwamba elimu ya kichwa haina haja na mikono. Wale wawili wa Ncha ya Kusini wanatufundisha vingine. Wanaisoma fizikia ya mwanzo wa ulimwengu na wanapaka grisi, na bila grisi fizikia hiyo haipimiki. Chicago inaweza kutuma amri, lakini haiwezi kushika spana.

Mwalimu wa fizikia unayesoma makala haya, ninajua liko kabati la maabara lililofungwa kwa kufuli, vifaa vyake vikingoja siku ya mtihani. Lifungue Jumatatu. Wape wanafunzi wavishike, wavikosee, wavifungue na kuvirudisha. Kikiharibika kimoja, wafundishe kukitengeneza.