MZOEZE MBWA WAKO KAMBA KABLA YA SIKU YA CHANJO



Kipupwe kinaisha. Vuli haiko mbali. Huku Chamazi, Mbagala, Bunju na Mabwepande watu wanasafisha viwanja na kuzibua mifereji. Leo nakuomba uongeze kazi moja ndogo. Tafuta kamba laini. Anza kumzoeza mbwa wako kufungwa na kuongozwa.

Utauliza, kamba ya mbwa inahusu nini ukurasa wa afya? Inahusu sana. Soma hadi mwisho.

KIKOMBE CHA MAJI

Siku moja mama mmoja alimleta mwanawe zahanati. Mtoto alikuwa na umri wa miaka minane. Alikuwa na homa, na mkono wake ulikuwa ukimwasha. Nilimpa maji katika kikombe. Aliyataka, maana alikuwa na kiu. Lakini kikombe kilipokaribia mdomo, koo lilimbana. Akakisukuma kwa hofu.

Nikauliza, "Mama, mtoto huyu aling'atwa na mbwa?"

Mama akasema hapana. Mtoto ndiye aliyejibu. Alisema kwamba miezi miwili iliyopita aling'atwa kidoleni na mtoto wa mbwa wa pale nyumbani. Jeraha lilikuwa dogo. Hakusema, kwa sababu aliogopa kuchapwa. Kidonda kilipona. Yule mbwa alikufa baada ya siku chache, akazikwa, watu wakasahau.

Tulimpeleka hospitali kubwa siku ile ile. Hakurudi nyumbani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtoto huyu hakuficha kwa ubishi. Alificha kwa woga. Sisi watu wazima ndio tuliomtia woga huo.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ugonjwa huu unaitwa kichaa cha mbwa. Unaletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana. Virusi hivi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akimng'ata mtu, au akilamba jeraha lake, virusi huingia mwilini. Kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo.

Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Pengine huchukua muda mfupi zaidi, pengine mrefu zaidi. Muda huo ndio nafasi yetu. Mtu akichanjwa mapema, anapona. Virusi vikishafika kwenye ubongo na dalili kutokea, hakuna dawa ya kumponya. Karibu wote hufa.

Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 kila mwaka duniani. Wengi wao wako Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, wagonjwa 99 huupata kutoka kwa mbwa. Na katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Wengine husema kichaa huletwa na jua kali. Sivyo. Kichaa cha mbwa hakina msimu. Kipo wakati wa kiangazi, wakati wa vuli na wakati wa masika. Lakini kinga yake inaweza kuwa na tarehe. Kila mwaka, tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ilianza mwaka 2007. Mahali pengi chanjo ya mbwa hutolewa karibu na siku hiyo. Muulize mtendaji wa mtaa au bwana mifugo, mbwa wa kwenu watachanjwa lini na wapi.

KWA NINI KAMBA?

Bwana mifugo anaweza kufika na chanjo ya kutosha, akarudi nayo nusu. Mbwa wapo, lakini hawakuletwa. Ukiuliza sababu, mwenye mbwa anasema, "Mbwa wangu hashikiki."

Ni kweli. Mbwa wengi wa huku kwetu hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Hawajui kamba. Hawajawahi kushikwa na mtu ila kwa kupigwa. Siku ya chanjo mbwa wa namna hiyo hupigana, hukimbia, au humng'ata mwenyewe. Kwa hiyo huachwa nyumbani. Mbwa asiyeshikika hachanjwi. Na mbwa asiyechanjwa ni hatari kwa watoto wa mtaa mzima.

Katika sehemu nyingine za Dar es Salaam wapo watu wanaolipa ili mbwa wao watunzwe na kufundishwa mchana. Wewe huna haja ya kulipa. Ua wako unatosha kuwa shule. Una majuma manne. Samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo anza na mbwa mchanga. Hata mbwa mzima hujifunza, ila anataka subira zaidi. Kama mbwa wako ni mkali hata kwako, usimlazimishe. Muite bwana mifugo akusaidie.

Juma la kwanza: jina na mkono. Mwite kwa jina moja tu. Kama ni Simba, awe Simba kwa watu wote wa nyumbani. Akija, mpe kipande cha ugali au dagaa mmoja, umsifu. Mguse shingo, masikio na miguu. Usimwite ili umpige. Ukifanya hivyo mara moja tu, kesho hatakuja.

Juma la pili: kamba shingoni. Mfunge kamba laini wakati anakula. Ilegee kiasi cha kupitisha vidole viwili. Usitumie waya. Mwache aizoee, kisha ifungue. Kila siku ongeza muda kidogo.

Juma la tatu: kuongozwa. Shika kamba, mwite, tembea naye ndani ya ua. Akivuta, simama. Akitulia, endelea. Dakika tano asubuhi na dakika tano jioni zinatosha. Siku za mwisho za juma toka naye njiani.

Juma la nne: kushikwa. Mkalishe. Mtu mzima anayemzoea amshike shingo kwa utulivu, mwingine amguse paja au bega kwa kidole, kama sindano inavyogusa. Mpe chakula. Siku ya chanjo hatashtuka sana.

Siku yenyewe aende mtu mzima. Usimtume mtoto, kwa sababu mbwa wengi wakikutana hugombana. Simama mbali na mbwa wengine. Peleka na mbwa wadogo, bwana mifugo ataamua. Pokea cheti cha chanjo, ukitunze pamoja na karatasi zako za maana.

Wengine huogopa kwamba mbwa aliyezoea kamba hatalinda nyumba. Si kweli. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Mbwa wa polisi hufundishwa kutii neno la askari wake, na bado mwizi humwogopa. Mbwa anayepigwa na kushinda njaa hawi mlinzi mwema. Huyo humng'ata mwizi, na humng'ata mtoto wa jirani.

MAMBO YA MSIMU

Mvua za vuli zikianza, kupe na viroboto huongezeka. Kagua masikio ya mbwa wako na katikati ya vidole vyake. Usimpake dawa ya mimea ya shambani. Inaweza kumuua, na inaweza kuwadhuru watoto wanaomshika. Uliza dawa ya kupe kwa bwana mifugo. Banda liwe na paa na sakafu kavu. Kinyesi chake kifukie, kwa maana kina minyoo inayoweza kumpata mtu.

Taka nazo zifukie au zipeleke panapokusanywa. Taka zilizozagaa huita mbwa koko.

Mwezi Desemba shule hufungwa. Watoto hushinda nje. Kabla ya likizo, wafundishe haya:

1. Usimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha.
2. Usimtupie mbwa mawe.
3. Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie. Simama kama mti, mikono chini, usimkodolee macho.
4. Akikuangusha, jikunje kama jiwe, funika shingo na masikio.
5. Uking'atwa au ukikwaruzwa, hata kidogo, sema mara moja. Hutachapwa.

Ndugu mzazi, hilo la tano ni ahadi yako wewe. Litamke mbele ya watoto wako leo jioni.

MTU AKING'ATWA

Kwanza, osha jeraha papo hapo. Tumia maji mengi na sabuni, hata sabuni ya mche. Osha kwa dakika 15. Kama huna saa, mwaga maji kidogo kidogo mpaka ndoo nzima iishe, kisha chukua ndoo ya pili. Usione ni kazi bure. Maji na sabuni huondoa na kuua virusi vingi kabla havijaingia ndani.

Pili, usipake pilipili, tumbaku, mafuta ya taa, maji ya betri wala udongo. Usiweke manyoya ya mbwa. Usitegemee jiwe la kunyonya sumu. Mambo haya huharibu jeraha na kukupotezea muda.

Tatu, nenda zahanati siku ile ile. Chanjo ya binadamu haipo katika kila zahanati, lakini tutakueleza inapopatikana. Mahali pengi inalipiwa. Usikae nyumbani kwa sababu ya fedha. Waambie ndugu, waambie viongozi wa mtaa. Chanjo ni sindano kadhaa kwa tarehe zilizopangwa. Fuata tarehe zote za kwenye kadi. Usiache katikati kwa sababu kidonda kimekauka. Kidonda cha yule mtoto nacho kilikauka.

Chanjo hii si jambo la kubahatisha. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Ufaransa, mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister alianza kuchanjwa kwa njia ya mtaalamu Louis Pasteur. Alikuwa ameng'atwa vibaya na mbwa. Aliishi. Chanjo ya leo ni salama na bora kuliko ile.

Nne, toa habari kwa bwana mifugo. Mbwa mgonjwa huonekana kubadilika. Mpole huwa mkali, mkali huwa mpole. Hutoa mate mengi, sauti hukwaruza, taya hulegea, hupepesuka. Huenda asiwe na ukali wowote. Akiweza kufungiwa bila kumng'ata mtu mwingine, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa siku aliyong'ata. Lakini mtu aliyeng'atwa asingoje siku hizo kuisha. Aanze chanjo.

Mbwa huyo akifa, usimguse kwa mikono mitupu, wala usimle, wala usimtupe. Bwana mifugo anaweza kupeleka kichwa chake maabara, kama ile ya veterinari iliyopo Temeke, ubongo upimwe. Ndiyo maana tunasema mbwa anayeshukiwa asipondwe kichwa.

MTAA MZIMA

Nyumba moja ikichanja mbwa wake, ni vizuri. Lakini haitoshi. Wataalamu wanasema katika kila mbwa 100, mbwa 70 wakichanjwa ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Tazama Pemba. Huko mbwa walichanjwa kisiwa kizima, na mwaka 2014 kichaa kikaisha. Mwaka 2016 kiliingia tena, wakati chanjo ilikuwa imelegea. Wakachanja upya. Mwaka 2018 kikaisha mara ya pili. Tunajifunza mambo mawili. Kichaa kinaweza kuondoka. Na ukilegea, kinarudi. Kwa hiyo chanja kila mwaka.

Wewe usiyefuga mbwa nawe unahusika. Najua wengi wa huku pwani hawagusi mbwa kwa sababu za dini, na hilo liheshimiwe. Lakini Waislamu wanaijua habari ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akapata thawabu. Huna haja ya kumshika. Mkumbushe jirani tarehe ya chanjo. Wafundishe watoto wako yale mambo matano.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuishia kwenye maneno. Nasi tufanye hivyo. Someni ukurasa huu pamoja, mjibu maswali haya:

1. Katika mtaa wetu kuna mbwa wangapi? Wangapi wana cheti cha chanjo cha mwaka huu?
2. Ni nani ana mbwa asiyeshikika? Tutamsaidiaje?
3. Chanjo ya binadamu inapatikana wapi karibu nasi? Nauli ya kufika huko ni kiasi gani?
4. Je, watoto wetu wakiumia, wanaogopa kutuambia?

Kisha simama, ndugu msomaji. Tafuta kamba. Muite mbwa wako kwa jina.